Msuli Huvuta, Hausukumi

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Lusu, Wilaya ya Nzega



Kila mwaka msimu wa ununuzi unapowadia, mizani hutolewa ghalani, vitabu vya risiti hufunguliwa, na katibu huketi mezani kuandika kilo za kila mkulima. Kila kilo iandikwayo katika kitabu kile imekwisha kuinuliwa na mtu kabla haijaandikwa, na ikisha kuandikwa huinuliwa tena: kutoka kwenye mizani hadi kwenye rundo, kutoka kwenye rundo hadi kwenye lori. Hakuna safu katika kitabu cha chama inayoonyesha imeinuliwa mara ngapi, wala na nani. Pamba ya Nzega, mpunga wa mbugani, karanga, na tumbaku ya Urambo na Sikonge, vyote husafiri kwanza juu ya nyama ya mwili wa binadamu, ndipo visafiri juu ya magurudumu. Jina la Chama Kikuu cha Igembensabo lina maana kwamba jembe ni mali. Maneno hayo ni ya kweli. Ila jembe haliinuki lenyewe.

Mazungumzo haya yanahusu hicho kinacholiinua jembe na gunia, yaani msuli: jinsi ulivyo, jinsi unavyofanya kazi, na kwa nini mgongo wa mpakiaji huharibika akiwa bado kijana.

Watu wa Unyamwezi hawana haja ya kufundishwa na mgeni maana ya mzigo. Katika karne ya 19, kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, karibu mali yote iliyopita kati ya pwani na Ziwa Tanganyika ilipita mabegani na vichwani mwa watu, kwa kuwa mbung'o na maradhi ya mifugo viliwazuia wanyama wa kubeba. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni mwendo wa zaidi ya kilometa 800. Msafara wa Waingereza Burton na Speke ulifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya safari ya siku zipatazo 134 kutoka pwani. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa ratili 60 hadi 70, yaani kilo 27 hadi 32, bila kuhesabu mkeka wake, chungu, chakula na silaha. Pembe ya ndovu iliyomshinda mtu mmoja ilifungwa kwenye mti na kuchukuliwa na wawili kwa mtindo wa mzegazega. Wanyamwezi wengi waliondoka baada ya mavuno na kujitahidi kurudi kabla ya mvua za kulimia.

Jambo la kuangaliwa hapo ni uzito. Wafanyabiashara wa misafara hawakuwa watu wa kuwaonea huruma wapagazi, hata hivyo mzigo ulibaki kwenye kilo 30 hivi. Mzigo mzito zaidi ulichelewesha safari nzima. Tena mpagazi aliyelemewa alikuwa na dawa yake: aliutua mzigo njiani usiku na kutoroka. Leo mpakiaji wa ghala hutwikwa gunia la kilo 100, na likiwa lumbesa, lile lililojazwa likaongezewa kilemba cha kamba juu, hutwikwa zaidi ya hapo. Ni kweli kwamba yeye hulibeba hatua chache tu, si kilometa 800. Lakini madhara ya gunia hayatokani na hatua peke yake, bali zaidi na lile tendo la kuliinua, na ili kulielewa tendo hilo hapana budi kwanza kuujua msuli wenyewe.

Mwili wa binadamu una misuli zaidi ya 600 iliyoshikamana na mifupa. Kwa mtu mzima mwenye afya, misuli hiyo huchukua kiasi cha asilimia 30 hadi 40 ya uzito wote wa mwili. Iko pia misuli ya aina nyingine, ya moyo na ile ya matumbo na mishipa ya damu, ambayo hufanya kazi yake bila kungoja amri ya mwenyewe. Hiyo haihusiki sana na gunia, isipokuwa moyo, ambao hulazimika kuilisha misuli mingine yote.

Msuli wa mifupani una kazi moja tu: kujikaza na kufupika, na kwa kufupika kukivuta kile ulichofungwa nacho. Hauwezi kusukuma kamwe. Mtu anayesukuma lori lililokwama matopeni huona anasukuma, lakini ndani ya mwili wake hakuna msuli unaosukuma hata mmoja. Misuli ya nyuma ya mkono inavuta ili kiwiko kinyooke, misuli ya mbele ya paja inavuta ili goti linyooke, na tafu la mguu linavuta kisigino kiinuke. Mifupa ndiyo inayogeuza mvuto huo ukawa msukumo.

Kwa kuwa msuli hujua kuvuta tu, hauwezi kujirudisha ulikotoka. Hungoja mwenzake auvute. Ndiyo sababu misuli mingi imepangwa kwa jozi, mmoja upande huu wa kiungo na mwingine upande wa pili. Mwanachama na aushike mkono wake wa juu, kisha akunje kiwiko: tafu la mbele litajaa na kuwa gumu, na nyama ya nyuma italegea. Anyooshe mkono kwa nguvu, na mambo yatageuka. Mmoja akivuta, sharti mwenzake alegee, au alegee kiasi tu cha kuuongoza mwendo ili mkono usitupwe ovyo. Makubaliano hayo husimamiwa na mishipa ya fahamu itokayo kwenye ubongo na kupitia ugwe ulio ndani ya uti wa mgongo.

Uko ugonjwa unaoonyesha makubaliano hayo yakivunjika, nao ni pepopunda. Vijidudu vyake hukaa udongoni na katika samadi, huingia kwenye jeraha la jembe au la msumari, na humo hutoa sumu. Sumu hiyo huizuia ile amri inayouambia msuli ulegee. Basi misuli ya pande zote mbili hukaza kwa pamoja, taya hufungwa, mgongo hupindika kama upinde, na mgonjwa hushindwa hata kupumua, ilhali misuli yake haina kasoro yoyote. Chanjo ya pepopunda hutolewa kwa watoto na kwa akina mama wajawazito. Wakulima wanaume wengi hawakumbuki kama waliwahi kuipata walipokuwa watu wazima, na hao wafaa waulize zahanati, hasa wanapokatwa na jembe.

Mshipa mmoja wa fahamu hauamrishi msuli mzima, bali kifungu cha nyuzi. Katika misuli ya jicho, ambako mwendo unatakiwa uwe mdogo na sahihi, mshipa mmoja huongoza nyuzi chache. Katika paja huongoza mamia ya nyuzi na zaidi. Mtu akitaka nguvu kidogo, vifungu vichache huitwa kazini. Akitaka nguvu nyingi, huitwa vingi. Ndiyo maana kijana mgeni ghalani huchoka mapema kuliko mzee mzoefu ambaye mikono yake ni myembamba: mgeni huita hata misuli isiyohitajika, hukaza taya, hukaza shingo, na misuli yake hupigana yenyewe kwa yenyewe.

Ndani ya msuli mna nyuzi nyembamba, na ndani ya kila unyuzi mna nyuzi nyingine ndogo zaidi zisizoonekana kwa macho, za aina mbili za protini: nene ziitwazo miosini na nyembamba ziitwazo aktini. Hadi katikati ya karne ya 20 wataalamu wengi walidhani kwamba nyuzi hizo hujikunja zenyewe msuli unapofupika. Mwaka 1954 makundi mawili ya wachunguzi, moja la Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, na jingine la Hugh Huxley na Jean Hanson, yalichapisha maelezo mengine: nyuzi hazifupiki hata kidogo, bali huteleza, hizi zikipita katikati ya zile, mithili ya vidole vya mkono mmoja vikiingizwa katikati ya vidole vya mkono wa pili. Unyuzi mnene una vichwa vidogo vingi ambavyo huushika unyuzi mwembamba, huuvuta kidogo, huuachia, kisha huushika mbele zaidi. Ni kama watu wanaovuta ndoo kisimani kwa kamba, mkono baada ya mkono. Mvuto wa kichwa kimoja ni mdogo mno. Lakini vichwa hivyo ni vingi kupita hesabu, na kwa pamoja huinua gunia.

Kila kichwa hutumia chembe ya kemikali iitwayo ATP, ambayo mwili huitengeneza kutokana na chakula. Jambo la ajabu ni kwamba kemikali hiyo inahitajika ili kichwa kiachie. Kila mwenye kuchinja mbuzi amekwisha kuuona ushahidi wake. Nyama ya mbuzi aliyechinjwa sasa hivi ni laini na hucheza. Baada ya saa chache hukakamaa. ATP imekwisha mwilini, vichwa vimeshika wala haviwezi kuachia. Hulegea tena baadaye, nyama inapoanza kuvunjika yenyewe. Maiti ya mwanadamu hukakamaa kwa sababu hiyohiyo. Basi kulegea nako ni kazi, na msuli uliochoka mno huwa mzito hata katika kulegea.

Si nyuzi zote zilizo sawa. Ziko zenye rangi nyekundu iliyoiva, zenye damu nyingi, zinazofanya kazi polepole lakini kwa muda mrefu. Na ziko nyeupe, zenye nguvu za ghafla lakini huchoka upesi. Anayepasua kuku anazijua. Paja la kuku, ambaye hushinda akitembea, ni jekundu. Kidari chake ni cheupe, kwa kuwa huruka mara chache na kwa mshtuko. Njiwa, ambaye huruka mwendo mrefu, kidari chake ni chekundu sana. Mwanadamu anazo zote katika kila msuli: za mwendo wa mpagazi, na za kuinua gunia mara moja.

Katika nguvu zote ambazo msuli huzipata kutoka katika chakula, karibu robo moja tu ndiyo huwa kazi ya kuinua na kusogeza. Sehemu iliyobaki huwa joto. Mpakiaji hutota jasho hata asubuhi ya baridi kwa sababu mwili wake unalitupa joto hilo nje, nao hulitupa kwa maji. Chama kinachoweka pipa la maji safi ya kunywa karibu na mizani kinasaidia upakiaji kama vile kinavyoongeza mtu mwingine.

Sasa ndugu makatibu, ambao wanaijua mizani kuliko wanachama wengine wote, watauelewa kwa urahisi mpango wa mifupa. Katika mizani ya mkono mrefu, kijiwe kidogo kilichosogezwa mwisho wa mkono husawazisha gunia zima lililo karibu na egemeo. Huo ndio wenzo, nao humpa faida mpimaji. Katika mwili wa binadamu wenzo umegeuzwa. Mzigo uko mwisho wa mkono, na msuli umefungwa karibu na egemeo. Kano ya tafu la mkono hushika mfupa sentimeta nne au tano tu kutoka kwenye kiwiko, na kiganja kiko kama sentimeta 35 mbali. Kwa hiyo mtu ashikaye kilo 10 kiganjani, kiwiko kikiwa kimekunjwa, msuli wake huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hadi karibu 90. Hasara hiyo ina faida yake: msuli ukifupika kidogo, kiganja husafiri mbali na kwa haraka, na kwa njia hiyo mwanadamu anaweza kutupa mkuki, kupura mpunga na kupiga ngoma.

Mgongoni hesabu hiyo huwa ya kutisha. Misuli inayousimamisha mgongo imekaa nyuma ya pingili, kiasi cha sentimeta tano kutoka katikati ya egemeo. Mtu akiinama na kushika mzigo wa kilo 50 ulio sentimeta 40 mbele ya mgongo wake, mzigo huo uko mbali mara nane kuliko misuli, na misuli italazimika kuvuta kwa nguvu ya kilo 400. Hapo haujahesabiwa uzito wa kichwa, kifua na mikono yake mwenyewe, ambavyo navyo vimening'inia mbele. Akiusogeza mzigo uleule hadi ukamgusa tumbo, ukawa sentimeta 20 tu, nguvu inayotakiwa hushuka hadi kilo 200. Gunia ni lilelile na uzito ni uleule. Kilichobadilika ni sentimeta 20.

Nguvu hiyo yote ya misuli hugandamiza pingili pamoja. Kati ya pingili na pingili mna sahani ya gegedu, ngumu pembeni na laini katikati. Ikigandamizwa sawasawa huvumilia sana. Ikigandamizwa mgongo ukiwa umeinama na kupindishwa upande, kama anavyofanya mpakiaji anayechukua gunia chini na kumgeukia mwenzake bila kuhamisha miguu, ukingo wake huweza kuchanika taratibu, siku baada ya siku, hadi ute wa katikati usukumwe nje na kuugusa mshipa wa fahamu. Hapo ndipo maumivu huteremka kutoka kiunoni hadi mguuni. Mwenyewe atasema aliumia siku ile alipoinua gunia la mwisho. Aghalabu alikuwa ameanza kuumia miaka mingi kabla.

Mashauri ya namna ya kuinua yanajulikana na wengi: miguu itanuliwe, magoti yakunjwe, mzigo uvutwe karibu na mwili, na kugeuka kuwe kwa miguu, si kwa kiuno. Yote ni sahihi kwa hesabu iliyotolewa hapo juu, kwa kuwa misuli ya mapaja na matako ndiyo mikubwa kuliko yote mwilini. Lakini ukweli usifichwe. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba kuwafundisha wafanyakazi kuinua vizuri, bila kubadilisha kitu kingine, hakukupunguza maumivu ya mgongo kwa kiasi cha kuonekana. Sababu si ngumu kuiona. Gunia la kilo 100 halikumbatiki. Ni pana, halina mshikio, na magoti hayana nafasi ya kukunjika mbele yake. Basi wawili hulinyanyua na kumtwika wa tatu, na kila mmoja wa wale wawili amekwisha kushika kilo 50 mbali na mwili wake. Kumwambia mtu huyo akunje magoti ni kumlaumu kwa kosa la gunia.

Jembe nalo lina hesabu yake. Mkulima wa jembe la mpini mfupi hushinda ameinama, na katika kuinama misuli ya mgongo haifupiki wala hairefuki. Imekaza tu, ikizuia kifua kisianguke. Msuli unaofanya kazi kwa kukaza na kulegea, kama wa mguu unaotembea, huisukuma damu mbele na kuipokea mpya. Msuli uliokaza bila kulegea huibana mishipa yake wenyewe ya damu, na hukosa hewa ilhali moyo unadunda. Kwa sababu hiyo kusimama na gunia kichwani kungoja lori lisogezwe huchosha kuliko kutembea nalo. Na kwa sababu hiyo mkulima anayenyooka kila baada ya mstari mmoja hapotezi wakati kama jirani zake wanavyodhani.

Akina mama ndio wabebaji wa kila siku, na jambo lao limepimwa hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1986 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa Maloiy, Heglund na wenzao uliofanywa Kenya. Walipima hewa ya oksijeni iliyotumiwa na wanawake wa Kijaluo wabebao kichwani, na wa Kikuyu wabebao mgongoni kwa mkanda upitao kwenye paji la uso. Ilionekana kwamba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuongeza matumizi ya oksijeni hata kidogo. Mwanamke wa kilo 60 alibeba kilo 12 kana kwamba hana kitu. Mwaka 1995 Heglund na wenzake walieleza sababu: mwili wa mtu anayetembea hupanda na kushuka kama mti unaoyumba juu ya kisigino, na wanawake hao waliozoea kubeba tangu utotoni huitumia nguvu ya kushuka ili kupanda tena, wakipoteza kidogo kuliko watu wengine. Misuli yao haina nyama ya ajabu. Ni mwendo uliojifunzwa.

Hata hivyo matokeo hayo yasitumiwe kuwa kisingizio. Zaidi ya ile asilimia 20, gharama ilipanda kwa kila kilo iliyoongezwa. Ndoo ya lita 20 iliyojaa ina kilo 20 na zaidi, ambayo ni thuluthi ya uzito wa mwanamke huyohuyo. Tena wachunguzi walipima hewa, hawakupima shingo.

Msuli hauumbwi kwa kazi peke yake. Kazi huuchokoza, lakini chakula na usingizi ndivyo vinavyoujenga. Maumivu yanayokuja siku moja au mbili baada ya kazi ngumu ya kwanza ya msimu hayatokani na asidi iliyobaki msulini, kama ilivyokuwa ikisemwa zamani. Hiyo huondoka ndani ya saa chache. Hutokana na nyuzi zilizojeruhiwa kidogo, hasa katika kushusha mzigo na kuteremka, pale msuli unapokaza huku ukirefushwa. Nyuzi hizo hujirekebisha na kuwa nene zaidi, ikiwa mwenyewe anakula maharage, karanga, dagaa, maziwa au nyama, na ikiwa damu yake ni kamili. Malaria, safura na kichocho hupunguza damu, na msuli usiopata damu ya kutosha ni kama lori lisilo na mafuta. Katika Vita Kuu ya Kwanza, wapagazi waliokusanywa kwa nguvu Afrika Mashariki walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao waliuawa na kuhara, malaria na njaa, si risasi. Jina la Kariakoo huko Dar es Salaam limetokana na kikosi hicho cha wabebaji.  Posho mbaya iliwamaliza.

Kuhusu mgongo unaouma, maneno machache ya kufaa. Kulala kitandani majuma mengi hudhoofisha misuli ileile inayoushika mgongo. Mara nyingi maumivu ya kawaida hupungua katika majuma machache kwa kutembea na kufanya kazi nyepesi. Lakini mtu ambaye mguu wake unapoteza nguvu, au anayekufa ganzi sehemu za siri, au ambaye ghafla hawezi kuzuia au kutoa mkojo, huyo asichuliwe mafuta wala asingoje kesho. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Na mwenye uvimbe kinenani unaotokeza anapoinua mzigo, aache kuinua na aonane na daktari, kwa kuwa ngiri ikinyongwa huua.

Yanabaki mambo ya ghala, ambayo yako mikononi mwa chama chenyewe. Wakala wa Vipimo umesisitiza mara nyingi kwamba mazao ya shamba yasifungashwe kwa uzito unaozidi kilo 100, na makatibu wanajua jinsi lumbesa inavyomwibia mkulima. Lakini kipimo hicho kiliwekwa kwa ajili ya haki ya bei, hakikuwekwa kwa ajili ya mgongo. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967, lilitaka mzigo wa mwanamume mzima mmoja ukizidi kilo 55 upunguzwe haraka hadi kufikia kiasi hicho, na wa wanawake na vijana uwe chini ya hapo kwa kiasi kikubwa. Hapa Lusu mgodi wa Golden Pride, uliofanya kazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi 2014, ulihamisha miamba kwa mitambo. Wakati huohuo mpunga wa wanachama uliendelea kupandishwa kwenye malori kwa shingo.

Mifuko ya kilo 50 inapatikana. Pingamizi moja husikika, kwamba mifuko miwili ni ghali kuliko gunia moja na kwamba wanunuzi hawaitaki. Hilo lifaa kujadiliwa na wanachama wenyewe katika mkutano mkuu, penye hesabu mbele yao, na wapakiaji wakaribishwe waseme. Pingamizi la pili, kwamba upakiaji utachelewa, halina nguvu: mfuko wa kilo 50 hubebwa na mtu mmoja, bila kuhitaji wawili wa kumtwika.

Na chama kisichoweza kubadilisha mifuko mwaka huu kinaweza kutengeneza jukwaa la mbao lenye kimo cha kiuno kando ya mizani, na jingine lenye kimo cha sakafu ya lori mlangoni mwa ghala. Gunia likishawekwa juu ya jukwaa halirudi chini tena. Hutelezeshwa hadi ukingoni, mbebaji husogea mpaka kifua chake kiliguse, naye huondoka nalo bila kuinama hata mara moja. Seremala wa kijiji atahitaji nguzo nne nene, mbao na siku mbili za kazi kwa kila jukwaa.